Kazi Inapoyumba na Nyumba Inapotulia: Mwongozo Kamili wa Kuvuka Msimu wa Janga

Kisa cha kwanza cha Korona nchini Kenya kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye ikatolewa amri ya kufunga shule, na waajiri wakahimizwa kuwaacha watu wafanyie kazi nyumbani. Tarehe 25 safari za ndege za abiria kutoka nje zilisitishwa, tarehe 27 kafyu ikaanza, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na kufikia tarehe 8 Aprili hapakuwa na ruhusa ya kuingia wala kutoka Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale. Katika muda usiotimia mwezi, mhudumu wa hoteli ya Diani, mwalimu wa shule ya kibinafsi na karani wa kampuni ya usafiri walijikuta katika hali moja: kazi imetikisika, na nyumba waliyozoea kuirudia usiku tu imekuwa ndiyo dunia yao yote.

Kufungwa kwa kiwango kile hakujarudi, ila kwa sehemu sehemu kunarudi. Wilaya za Mubende na Kassanda nchini Uganda zilifungwa kati ya Oktoba na Desemba 2022 kwa sababu ya Ebola, na mkoa wa Kagera nchini Tanzania ulipata mlipuko wa Marburg mwaka 2023. Kwa hiyo hatua zilizo hapa chini zimeandikwa kwa ajili ya kutumika tena, ingawa mifano mingi ni ya 2020 na sheria ninayoitaja ni ya Kenya, isipokuwa pale nitakapoitaja Tanzania.

Nilichokiona wakati ule, na ambacho bado nakishikilia, ni kwamba watu wengi waliumizwa zaidi na mambo yaliyoachwa hewani kuliko na upungufu wenyewe wa mshahara. Kazini, makubaliano yalifanywa kwa mdomo, na miezi sita baadaye hakuna aliyeyakumbuka kwa namna moja. Nyumbani, hali ya fedha ilifichwa kwa kuogopa aibu mpaka ikajifichua yenyewe. Ya kazini yaandikwe, na ya nyumbani yasemwe: hatua zote zinatoka hapo.

Hatua ya kwanza: isome barua mpaka ujue inakuomba nini

Barua zilizotumwa Machi na Aprili 2020 zilifanana sana kwa maneno. Nyingi zilianza kwa kusikitikia hali ya dunia, zikamsifu mfanyakazi kwa uvumilivu wake, kisha katika aya ya tatu au ya nne zikatamka jambo lenyewe kwa sentensi moja isiyo na tarehe ya mwisho, kama vile «utakuwa likizoni hadi hali itakapotengemaa». Sentensi hiyo ndiyo ya kupigiwa mstari. Inaweza kuwa na mojawapo ya maana nne, na kila maana ina haki zake.

Maana ya kwanza ni kwamba unatumia likizo yako ya mwaka. Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka, na siku hizo hulipwa mshahara kamili. Ya pili ni likizo bila malipo. Hii haimo miongoni mwa likizo zinazotajwa katika sheria hiyo, hivyo hutegemea makubaliano kati yako na mwajiri. Ya tatu ni kupunguziwa mshahara huku ukiendelea na kazi. Hapo kifungu cha 10(5) kinamtaka mwajiri ashauriane nawe, aubadilishe mkataba, kisha akuarifu mabadiliko hayo kwa maandishi. Ya nne ni kuondolewa kazini kwa sababu nafasi yako haipo tena, nayo ina utaratibu wake mrefu katika kifungu cha 40, ambao nitaufikia.

Ukiona barua inachanganya mawili kati ya haya, kwa mfano inasema uko likizoni bila malipo na papo hapo inakutaka upatikane kwenye simu kila asubuhi kujibu wateja, usidhani ni makosa ya uchapaji. Anayejibu wateja yuko kazini, na anastahili kulipwa.

Hatua ya pili: jibu kwa maandishi, hata kama umekubali

Wengi waliona kuwa kujibu barua ni kuanzisha ugomvi na bosi wakati ambao kila mtu anaogopa kufutwa. Sikubaliani nao. Jibu la heshima linaweza kumkubalia mwajiri karibu kila kitu na bado likakulinda, mradi tu liwe na kiasi, muda na tarehe. Huu ni mfano wa maneno yanayotosha:

«Nimepokea barua yako ya tarehe 30 Machi kuhusu kupunguzwa kwa mshahara wangu kwa asilimia 40. Naielewa hali ya kampuni, na niko tayari kuipokea hatua hiyo kwa miezi mitatu, yaani Aprili hadi Juni. Naomba unithibitishie kwa maandishi kama sehemu iliyokatwa italipwa baadaye au haitalipwa kabisa, kama bima ya matibabu itaendelea, na kwamba mshahara wangu wa mkataba unabaki ule wa awali kwa hesabu nyingine zote.»

Ombi la mwisho, lile la mshahara wa mkataba, hudharauliwa, nalo ndilo lenye pesa. Kampuni ikizidiwa na kukuachisha kazi mwezi wa Septemba, malipo yako ya kuachishwa yatakokotolewa kutokana na mshahara, na swali litakuwa ni mshahara upi: ule wa Februari au ule uliokatwa. Aliyeandika mapema ana jibu mkononi.

Bosi akipiga simu badala ya kuandika, mpokee vizuri, msikilize, kisha siku hiyohiyo mtumie ujumbe wa kumshukuru kwa mazungumzo na kuyarudia kwa ufupi mliyokubaliana. Ujumbe wa WhatsApp unafaa; usiufute, na upige picha ya skrini. Barua pepe zilizomo kwenye anwani ya ofisi, zile zinazohusu ajira yako mwenyewe, zihamishie kwenye anwani yako binafsi mapema, kwa kuwa siku ya kuachishwa kazi mlango huo hufungwa kabla hujafika nyumbani. Usihamishe siri za kampuni wala orodha za wateja, kwani hilo linaweza kugeuzwa kuwa kosa lako. Kama wewe ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, nakala ya kila barua mpe mwakilishi wenu.

Hatua ya tatu: ukiachishwa, piga hesabu kabla ya kutia sahihi

Kifungu cha 40 kinamtaka mwajiri atoe notisi ya angalau mwezi mmoja kwa chama cha wafanyakazi, au kwako binafsi kama si mwanachama, na kwa afisa wa leba pia, akieleza sababu na ukubwa wa upunguzaji huo. Anapochagua wa kubaki na wa kuondoka, anapaswa kuzingatia muda waliotumikia, ujuzi, uwezo na uaminifu wao. Kisha akulipe siku za likizo ulizobakiza, mshahara wa mwezi mmoja ikiwa hakukupa notisi ya kuondoka, na malipo ya kuachishwa yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia.

Chukua mfano wa mfanyakazi mwenye mshahara wa Sh39,000 aliyetumikia miaka sita na miezi minne. Ile miezi minne haihesabiwi, kwa kuwa mwaka haujatimia. Mwajiri akigawanya mshahara wake kwa siku 30, siku moja ni Sh1,300, siku 15 ni Sh19,500, na miaka sita ni Sh117,000. Akigawanya kwa siku 26, ambazo ndizo siku za kazi katika mwezi, siku moja ni Sh1,500 na jumla ni Sh135,000. Njia zote mbili zinatumika maofisini, na tofauti ya Sh18,000 ni kodi ya nyumba ya mwezi mzima kwa watu wengi, kwa hiyo uliza ni njia ipi iliyotumika na kama mkataba wenu una kauli juu yake.

Utapewa karatasi ya kutia sahihi. Ikiwa imeandikwa kwamba umelipwa haki zako zote na huna dai lolote, na wewe hujaridhika, andika kwa mkono wako kuwa umepokea kiasi fulani na kwamba hesabu iliyobaki unaijadili, kisha ndipo utie sahihi. Dai pia cheti cha utumishi, ambacho ni haki yako chini ya kifungu cha 51 hata kama mmeachana kwa ubaya.

Msomaji wa Tanzania asiitumie hesabu hii. Huko, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, kwa kikomo cha miaka kumi, na anayelalamikia kuachishwa isivyo halali ana siku 30 tu za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku hizo huisha upesi mno ukiwa bado unatumaini kwamba ofisi itakuita.

Hatua ya nne: iseme nyumbani hali ya fedha, wiki hiyohiyo

Zamani mtu aliyepoteza kazi aliweza kuvaa, akaaga, akashinda mjini, na nyumbani wasijue kitu. Ofisi zilipofungwa na watu wakatakiwa kukaa nyumbani, ujanja huo ukaondoka. Hata hivyo wapo walioendelea kuficha kiasi: mke anajua mumewe yuko nyumbani, lakini hajui kwamba mshahara umekatwa nusu, naye anaendelea kupika na kununua kwa mpango wa Februari. Katika nyumba tulivu, siri ya namna hiyo huonekana kwenye uso wa mtu, na wa nyumbani huanza kujieleza kwa dhana zao.

Kaeni mkiwa wawili kwanza, watoto wakiwa wamelala, na kipande cha karatasi mbele yenu. Andikeni kinachoingia, kisha matumizi kwa mpangilio ambao mimi nauona ndio sahihi: chakula, dawa za wanaotumia kila siku, kodi ya nyumba, umeme na maji, bando kwa kiasi cha kazi na masomo, na madeni mwisho. Madeni hayawekwi mwisho kwa sababu hayana uzito. Yanawekwa mwisho kwa sababu mkopeshaji anaweza kuombwa muda, nalo tumbo haliombeki. Kisha watoto waambiwe kwa lugha yao, kwa maana mtoto wa miaka tisa anayeambiwa «mwezi huu hatununui soda kwa sababu kazini kwa baba wamepunguza mshahara» huelewa kuliko anayefokewa kila akiomba.

Baada ya hapo, nenda nje ya nyumba kwa utaratibu huu. Mwenye nyumba aambiwe kabla ya tarehe ya kodi, na aambiwe takwimu: «Mzee, tarehe tano nitakupa elfu sita kati ya elfu kumi na mbili, na salio nitakumalizia kwa awamu mbili, Mei na Juni.» Anayesema «nivumilie kidogo» hajasema kitu. Wazee wa kijijini waambiwe vivyo hivyo: «Mama, shikamoo. Kazini wametupunguzia. Ile elfu tano ya kila mwezi sasa nitaweza elfu mbili, ila itafika kila tarehe mosi.» Mzazi huumia zaidi kwa kutojua kama kitakuja kuliko kwa kupata kidogo.

Kuhusu mikopo, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza tarehe 18 Machi 2020 kwamba wenye mikopo ya binafsi iliyokuwa ikilipwa vizuri kufikia tarehe 2 Machi wangeweza kuomba kuongezewa muda hadi mwaka mmoja, na gharama za kuupanga mkopo upya zibebwe na benki. Neno la kuzingatia hapo ni kuomba. Benki haikumfuata mteja, na aliyesubiri barua aliendelea kukatwa. Tena, kusogeza muda si kusamehewa riba. Kabla ya kukubali, uliza jumla mpya utakayokuwa umelipa hadi mwisho, uandikiwe, uilinganishe na ile ya zamani. Mikopo midogo ya simu nayo, ile ya kukopa leo ili ulipe ya jana, iache kabisa katika msimu huu. Kama una akiba katika chama cha ushirika, zungumza nao kwanza.

Jambo moja husahaulika hapa, nami nalitaja kwa sababu linatuumbua. Wengi waliolalamika kutumwa nyumbani bila barua walikuwa na msaidizi wa kazi za nyumbani ambaye walimwambia jioni moja arudi kwao, na wengine hata nauli hawakumpa. Sheria ileile ya Ajira inamhusu naye. Kama huwezi kumlipa, mpe notisi yake, siku zake na nauli yake, na umwandikie kwamba alitumikia vizuri.

Hatua ya tano: zipe saa za nyumbani umbo

Utulivu wa nyumbani hupendeza kwa wiki moja hivi. Baada ya hapo siku huanza kufanana, mtu analala saa tisa usiku, anaamka saa nne, na hawezi kusema jana alifanya nini. Usijitengenezee ratiba ya kujaza saa kumi na mbili kwa masomo, mazoezi na vitabu. Hiyo huvunjika siku ya tatu. Shika mambo matatu tu: saa ya kuamka isiyobadilika, kuoga na kuvaa nguo za mchana kabla ya chai, na shughuli moja yenye saa yake inayokutoa nje ya mlango, hata kama ni kuzunguka ploti kabla jua halijawa kali.

Anayefanyia kazi nyumbani ana tatizo la kinyume, kwamba kazi haina mwisho. Katika nyumba ya chumba kimoja hakuna ofisi ya kufunga mlango, basi tumia ishara nyingine. Kiti kikigeuzwa kuelekea ukutani, wa nyumbani wajue uko kazini, kikirudishwa, umetoka. Mwambie mkuu wako saa utakazopatikana, na ukipigiwa saa tatu usiku kwa jambo lisilo la dharura, jibu asubuhi. Mara mbili tatu zinatosha kuwazoesha. Mwenye watoto asijilinganishe na asiye nao: shule za Kenya zilibaki zimefungwa hadi Januari 2021, isipokuwa gredi ya 4, darasa la 8 na kidato cha 4 waliorudi tarehe 12 Oktoba 2020, na mzazi aliyekuwa akisimamia vipindi vya redio huku akiandika ripoti alikuwa na kazi mbili. Kama mko watu wazima wawili, gawaneni asubuhi na alasiri waziwazi, maana pasipo mgawanyo huo mzigo wote humwangukia mama.

Habari zisikilizwe mara moja kwa siku. Wizara ya Afya ilikuwa ikitoa takwimu kila siku, na hakuna ulichokosa kwa kutozifuatilia kila saa kwenye makundi ya simu, isipokuwa uvumi wa dawa za mitishamba na sauti zilizorekodiwa za madaktari wasiojulikana.

Anayeishi peke yake achague watu wawili na akubaliane nao siku za kupigiana simu. Nasema kupiga simu kwa sababu ujumbe unaweza kuandika «niko poa» huku umelia mchana kutwa, lakini sauti ni vigumu kuificha. Kama kwa wiki mbili mfululizo hulali, huli, huoni raha ya chochote, au unaanza kuwaza kwamba afadhali usingekuwapo, hilo si la kuvumiliwa kiume wala kuombewa peke yake. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hutoa ushauri nasaha kwa simu ya bure 1199. Na kama utulivu wa nyumba umegeuka kuwa kipigo au vitisho, namba ni 1195, au 116 kwa ajili ya mtoto, ambayo hutumika Tanzania pia. Iweke kichwani badala ya kuihifadhi kwa jina kwenye simu inayokaguliwa.

Hatua ya sita: ukitafuta riziki ya muda, usimwage malipo yote

Mwaka 2020 barabara za Nairobi zilijaa magari yaliyofunguliwa buti, yakiuza mayai, parachichi na viazi. Waliofanikiwa hawakuwa wengi, kwa sababu kila mtu aliuza kitu kilekile kwa wateja waliokuwa wamekatwa mshahara. Tenga kwanza chakula na kodi ya miezi mitatu kutoka katika malipo yako ya kuachishwa, na mtaji uwe sehemu ndogo ya kilichobaki. Anza na kitu ambacho majirani walikuwa wakikifuata mbali na sasa hawawezi.

Hatua ya saba: ofisi ikifunguliwa, rudi na karatasi zako

Kurudi kazini kuna hati zake. Omba barua inayosema kwamba kipindi cha kupunguziwa kimekwisha na kutaja mshahara uliorejeshwa, kisha ulinganishe na hati ya malipo ya mwezi wa kwanza. Hapo uangalie na kodi. Aprili 2020 serikali ya Kenya ilipunguza kiwango cha juu cha kodi ya mapato ya wafanyakazi kutoka asilimia 30 hadi 25, na tarehe 1 Januari 2021 ikakirudisha, na wafanyakazi wa ngazi za juu walioona mshahara wa mkononi umeshuka mwezi huo wakawalaumu wahasibu wao bure. Kama kuna sehemu ya mshahara mliyokubaliana kuwa italipwa baadaye, andika kuiulizia sasa, kwa tarehe na kiasi, bila kusubiri kampuni inenepe.

Barua, ujumbe, picha za skrini na hati za malipo za kipindi chote zitie kwenye bahasha moja, na nakala yake iwe kwenye barua pepe yako. Kwa kawaida dai la ajira nchini Kenya hupaswa kufikishwa mahakamani ndani ya miaka mitatu tangu jambo lilipotokea, kwa hiyo bahasha hiyo isitupwe kabla muda huo haujapita.